Mkongomani anayekwenda kucheza Faliraki afahamu pia njia ya kutoka Rhodes mpaka Lubumbashi

Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa kumi, picha za visiwa vya Ugiriki hujaa katika simu za Wakongomani. Ni ndugu na marafiki wanaoishi Brussels, Paris, London au Ujerumani, wameenda vakansi: maji ya buluu, viti vya kulalia, glasi mkononi, muziki mpaka asubuhi. Mara nyingi jina linaloandikwa chini ya picha ni Mykonos. Lakini kuna ufuko mwingine wa starehe ambao unamgusa Mkongomani, na zaidi mtu wa Katanga, kuliko Mykonos. Unaitwa Faliraki, na uko katika kisiwa cha Rhodes.

Wanaobaki nyumbani wakiziona picha hizo hugawanyika. Wengine wanasema ni kupoteza feza wakati familia inangoja kitu cha kula na karo ya watoto. Wengine wanatamani, na wanaanza kuuliza njia. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima katika baridi ya Ulaya ana haki ya kupumzika na kucheza, na hakuna anayepaswa kumhukumu kwa hilo. Kinachosikitisha ni kuona Mkongomani anafika Rhodes, analala siku saba, anarudi, bila kujua kwamba kisiwa hicho kimeunganishwa na mji wa Lubumbashi kwa historia ya karibu miaka mia moja. Historia hiyo inaweza kumsaidia kujibu swali ambalo Wakongomani wengi wanaulizwa leo katika visiwa hivyo hivyo: wewe umekuja kufanya nini hapa?

UFUKO WENYEWE

Faliraki iko upande wa mashariki wa kisiwa, kama kilomita 14 kusini mwa mji wa Rhodes. Basi kutoka mjini linafika kwa karibu nusu saa. Muchanga wake ni wa rangi ya zahabu na unaendelea kwa kilomita zaidi ya 4. Maji ya ukingoni si ya kina kirefu, hivyo hata asiyejua kuogelea vizuri anaweza kuingia kidogo kidogo. Upande wa kaskazini umejaa hoteli, miavuli na vyombo vya kuchezea juu ya maji. Ukitembea kuelekea kusini watu wanapungua, na mwisho kabisa, nyuma ya mawe, kuna sehemu ya wale wanaopenda kuota jua bila nguo. Familia ya Kikongomani iliyoenda na mama mukwe afazali ijue hilo mapema.

Usiku kazi inahamia barabarani. Kuna njia ambayo watalii wenyewe wameipa jina la njia ya mabaa, na nyingine ya madisko. Karibu na hapo iko ghuba ndogo nzuri yenye jina la mwigizaji Anthony Quinn, aliyependa sana mahali hapo alipokuwa Rhodes kwa ajili ya filamu ya The Guns of Navarone, iliyotoka mwaka 1961.

Mgeni ajue haki zake pia. Katika Ugiriki ufuko wa bahari ni mali ya watu wote. Mwenye baa anakodi sehemu tu kwa serkali ili aweke viti vyake. Mwaka 2023 wakaaji wa kisiwa cha Paros walichoka kuona viti vya biashara vimefunika muchanga wote, wakashuka ufukoni na taulo zao kudai nafasi, na visiwa vingine vikawafuata. Mwaka 2024 serkali ilitoa sheria mpya: viti visikaribie maji chini ya metre 4, na angalau nusu ya ufuko ibaki wazi kwa watu wasiotaka kulipa. Kwa hiyo anayefika na taulo yake na chupa yake ya maji hana sababu ya kuona haya. Na katika baa, sheria ya huko inasema mteja ambaye hakupewa risiti halazimiki kulipa. Maneno hayo yanaandikwa kwenye karatasi ya bei. Kusoma bei kabla ya kuagiza kunaokoa machozi mengi.

SOMO LA MWAKA 2003

Faliraki iliwahi kujiharibia jina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni ya utalii yalikuwa yanaleta vijana wa Kiingereza kwa maelfu, na televisheni ya kwao ilionyesha ulevi wao kama mchezo wa kuchekesha. Vijana walipangwa makundi na kuzungushwa baa moja hadi nyingine, wakinywa mpaka kuanguka. Katika mwezi wa nane 2003 kijana wa Kiingereza wa miaka 17 aliuawa katika ugomvi wa baa. Polisi ikakaza mkono, misururu ile ya ulevi ikapigwa marufuku, na watalii kazaa wakapelekwa mbele ya waamuzi kwa kuvua nguo hazarani.

Biashara ilishuka, na wenye hoteli walihitaji miaka kurudisha familia. Leo Faliraki ina starehe bado, lakini haiko kama ile ya wakati ule. Wanaotaka kuleta utalii kwetu kwenye Tanganyika au Kivu wanaweza kulitazama jambo hilo vizuri: ufuko ukiuzwa kwa ulevi peke yake, unajaa haraka na unaharibika haraka. Anayeumia mwishoni ni mkaaji, kwa kuwa mgeni anapanda ndege anakwenda kutafuta ufuko mwingine.

RHODES NA LUBUMBASHI

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Ndani ya kuta za mji wa zamani wa Rhodes, ule uliojengwa na mashujaa wa msalaba na kuwekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1988, kuna mtaa ambao uliitwa Juderia, mtaa wa Wayahudi. Wengi wao walikuwa wazao wa watu waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492, na kwa miaka zaidi ya mia nne waliendelea kusema nyumbani aina ya Kihispania ya zamani. Sinagogi yao, Kahal Shalom, ni ya mwaka 1577, na ingali inasimama.

Italia iliteka Rhodes mwaka 1912. Kazi zilikuwa chache, na vijana wa Juderia wakaanza kuondoka kutafuta maisha. Wengine walikwenda Marekani. Wengine walishuka Afrika: Rhodesia na Kongo ya Wabelgiji. Katika mji mpya wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, walifungua maduka, wakauza vitambaa, unga na vyombo. Aliyepata nafasi aliita ndugu, na ndugu akaita shemeji. Mwaka 1938 serkali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi juu ya Wayahudi, na wengine tena wakakimbia kwa njia hiyo hiyo. Sinagogi ya Lubumbashi inakumbusha kizazi hicho mpaka leo.

Wagiriki Wakristo nao walikuja kutoka visiwa na nchi kavu. Wazee wa Luapula wanakumbuka biashara ya Kasenga: Wagiriki walinunua samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru, wakawapakia na barafu na kuwapeleka Elisabethville kulisha wafanyakazi wa migodi. Kanisa lao la Orthodox liko Lubumbashi bado.

Katika siasa, jina la Rhodes limesikika Kongo kwa sababu ya Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, aliyezaliwa Kashobwe. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa hicho aliyekimbilia Kongo na kufanya biashara ya samaki. Kila wakati Wakongomani wanapobishana ni nani mwana wa nchi, kisiwa hicho kinarudi mdomoni, lakini ni wachache wanaouliza huyo baba alikimbia nini.

Jibu liko Juderia. Katika mwezi wa saba 1944 Wajerumani, waliokuwa wameshika kisiwa tangu 1943, waliwaamuru Wayahudi waliobaki wajiandikishe. Tarehe 23 mwezi huo waliwapakia katika mashua kuelekea Piraeus, kisha katika treni mpaka Auschwitz. Walikuwa karibu watu 1,700. Waliopona ni karibu 150. Makumi kazaa waliokolewa kabla ya kupanda mashua, kwa sababu balozi mdogo wa Uturuki katika kisiwa, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani akasema hawa ni raia wa Uturuki au wa jamaa za raia wa Uturuki, waachieni. Karatasi iliamua nani aishi na nani afe.

Baada ya vita, baazi ya waliopona walikwenda kuwafuata ndugu zao Kongo. Watu waliotoka Auschwitz walianza maisha tena katika mji wetu, kati ya moshi wa kiwanda na miti ya jacaranda.

Msomaji wa Lubumbashi anaweza kupinga hapa, na ana haki. Kongo ya wakati ule ilikuwa koloni. Waliofungua mlango ni Wabelgiji, na Mwafrika hakuulizwa. Mgeni mwenye ngozi nyeupe aliishi upande wa wazungu, na Mkongomani aliyezaliwa hapo alihitaji karatasi ili atembee usiku katika mtaa huo. Pia Kongo haikuwa mwenyeji mwema siku zote: baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, maduka na mashamba ya wageni yalichukuliwa, Wagiriki wakapoteza mali, na wengi wakaondoka. Hayo yote ni kweli na hayafai kufichwa. Hata hivyo ukweli mwingine unabaki: udongo wetu uliwalisha watu wa kisiwa hicho wakati kwao hapakuwa na chakula, na baadaye wakati kwao palikuwa na kifo. Watoto wao walizaliwa huku, wakasoma huku, wakasema Kiswahili cha huku.

BAHARI MOJA, TIKETI MBILI

Kutoka Marmaris, mji wa Uturuki, mpaka Rhodes ni kama saa moja kwa meli ya haraka. Tangu mwaka 2024 raia wa Uturuki anayetaka kula samaki na kuogelea katika baazi ya visiwa vya Ugiriki, Rhodes ikiwemo, anaweza kupewa viza ya siku saba anapofika bandarini. Ni mpango mzuri, na wenye hoteli wanaufurahia.

Mkongomani aliyekimbia vita vya Kivu au Ituri akafika Uturuki, anaitazama bahari ile ile. Yeye hana meli hiyo. Anampa mfanya magendo pesa zaidi mara nyingi kuliko tiketi ya meli, anapanda mtumbwi wa mpira usiku, na anaomba Mungu upepo utulie. Wakongomani wengi walifika kwa njia hiyo Lesbos na Samos. Kuanzia mwezi wa tatu 2016, baada ya mapatano ya Ulaya na Uturuki, waliofika visiwani walizuiliwa kuondoka mpaka maombi yao yachunguzwe. Kambi ya Moria, Lesbos, iliyotengenezwa kwa watu karibu 3,000, ilikuwa na watu karibu 20,000 mwanzoni mwa 2020, kabla ya kuteketea kwa moto mwezi wa tisa mwaka huo. Ile ya Vathy, Samos, iliyokuwa na nafasi zisizofika 700, ilibeba zaidi ya 7,000. Wakongomani walikuwa ndani ya idadi hizo, wakilala katika mahema kwenye mteremko, na watoto, na matope.

Rhodes haimo katika visiwa vitano vilivyowekewa vituo vya kupokelea wakimbizi: Lesbos, Chios, Samos, Leros na Kos. Lakini Kos ni jirani wa Rhodes, na ni kisiwa cha starehe vilevile. Hapo mtalii na mkimbizi wanaogeshwa na maji yaleyale, mmoja ana kamba ya rangi ya hoteli mkononi, mwingine ana namba ya kambi.

SIKU WATALII WALIPOGEUKA WAKIMBIZI

Kuna watakaosema: visiwa vidogo haviwezi kupokea kila mtu, maji ni machache, hospitali ni ndogo, wakaaji wamechoka. Hoja hiyo ina uzito. Wakaaji wa Lesbos na Samos walibeba mzigo ambao Ulaya nzima ilipaswa kugawana, na wengi wao mwanzoni walitoa mablanketi na supu kwa mikono yao wenyewe. Shida haikuwa roho ya wavuvi na akina mama wa visiwani. Ilikuwa uamuzi uliofanywa mbali, wa kuwafungia watu pale ili wengine waogope kuja.

Rhodes ilionyesha mwaka 2023 kwamba kupokea kunawezekana watu wakitaka. Katika mwezi wa saba moto wa pori uliwaka siku nyingi na, tarehe 22, ukashuka kuelekea vijiji na hoteli za kusini-mashariki, pande za Kiotari na Lardos. Karibu watu 19,000, watalii na wakaaji, waliondolewa kwa siku chache. Wengine walitembea kilomita nyingi barabarani wakivuta masanduku katika moshi. Wengine walichukuliwa ufukoni na mashua za walinzi wa bahari na za watu binafsi. Walilala chini katika mashule na viwanja vya michezo. Wakaaji walileta maji, mkate, nguo za watoto, na waliokuwa na vyumba walivifungua.

Hakuna aliyeuliza mtalii ameleta faida gani. Hakuna aliyemwambia arudi kwenye moto akangoje karatasi. Watu wazima wenye feza, wenye paspoti nzuri, walijua kwa usiku mmoja maana ya kuondoka na nguo za mwilini tu, na kutegemea wema wa mtu usiyemjua. Ilitokea katika tarehe zile zile za mwezi wa saba, miaka 79 baada ya mashua za 1944 kuondoka katika bandari ya kisiwa hicho hicho.

Hapo ndipo Mkongomani ana haki ya kusema neno. Hasemi "mnatudai" wala "tunawadai", kwa kuwa wema si deni la dukani. Anasema tu kwamba watu wa Rhodes walipokimbia, kuna mahali walifika, na mahali hapo paliitwa Elisabethville. Mtoto wa Rhodes aliyekulia Lubumbashi na mtoto wa Bukavu aliyekulia katika kambi ya Samos wana historia moja inayofanana, isipokuwa mmoja alipewa duka na mwingine alipewa hema.

KINACHOWEZA KUFANYIKA

Kwanza, kwa ndugu wa diaspora wanaokwenda Faliraki: wacheze, waogelee, wapige picha. Lakini siku moja wapande basi waingie mji wa zamani, wafike kwenye uwanja wa Mashahidi Wayahudi, pale kwenye chemchemi yenye farasi wa bahari, na wasogee mpaka Kahal Shalom, ambayo ina jumba dogo la kumbukumbu pembeni. Mkongomani hatakuwa mgeni kabisa mahali hapo. Na picha hiyo nayo waitume nyumbani, pamoja na ile ya glasi.

Pili, kwa wanaotuma picha: waandike pia bei. Waseme viza iliombwa lini, tiketi ilikatwa kwa mishahara ya miezi mingapi. Kijana wa Uvira au Kalemie anayeona muchanga na muziki tu anaweza kuamini kwamba upande wa pili wa bahari kila kitu kiko rahisi, akauza shamba la familia ili amlipe mfanya magendo. Ufuko anaouona ni ule wa mchana. Mtumbwi unapita usiku, na haupigwi picha.

Tatu, kwa walimu na viongozi wa Lubumbashi: historia hii ifundishwe. Wanafunzi wanapita mbele ya sinagogi na kanisa la Wagiriki kila siku bila kuelezwa ni watu gani walijenga na walitoka wapi. Wazee waliofanya kazi katika maduka na magari ya samaki ya Kasenga wanaendelea kufariki. Kila anayefariki bila kuulizwa anakwenda na sehemu ya historia ya mji, ile nzuri na ile mbaya.

Nne, kwa Wagiriki wenyewe, na kwa Ulaya inayoamua nani apande meli na nani apande mtumbwi: mwaka 1944 karatasi ya balozi mmoja iliokoa makumi ya watu, na wengine 1,700 hawakuwa na karatasi hiyo. Kisiwa kilichobeba jambo hilo kinajua kuliko nchi nyingi kwamba karatasi inaweza kukosekana bila mwenye kuikosa kuwa na kosa.

Muziki wa Faliraki utaendelea msimu ujao, na Wakongomani watakuwapo. Ni vizuri wawepo. Wakiulizwa na mwenye baa wanatoka wapi, wasiishie kusema Brussels au Paris. Waseme Kongo, na mwenye kutoka Katanga aseme Lubumbashi. Huenda mwenye baa huyo akawa na babu au mjomba aliyewahi kuuza samaki Kasenga.